Sekunde zilizobaki: kisa cha Jonas Mekas, mshairi aliyeshika kamera

Kamera ya Bolex ya zamani haihitaji umeme. Ubavuni ina mpini. Unauzungusha mpaka springi ya ndani ikaze, kisha unabonyeza kitufe. Springi inapofunguka, filamu inatembea nyuma ya lenzi. Springi ikiisha nguvu, picha inakatika hapo hapo, hata kama mtu unayempiga bado anacheka. Ukiijaza yote na kupiga kwa mwendo wa fremu 24, yaani picha mojamoja 24, kwa sekunde, unapata sekunde zisizofika 30. Mkanda wenyewe, ule wa milimita 16 wenye urefu wa futi 100, unamalizika kwa dakika mbili na robo tatu hivi. Jonas Mekas alipiga picha kwa kamera ya namna hii kwa miaka takriban 40, na naamini huwezi kuielewa kazi yake, ya filamu wala ya mashairi, bila kwanza kuusikia ule mlio wa springi ukielekea kuisha.

Nimekichagua kisa chake kwa sababu ya methali tunayoambiwa tangu utoto: mshika mbili, moja humponyoka. Mtu anayeandika mashairi na papo hapo anataka kutengeneza filamu kwa fedha zake mwenyewe huambiwa hivyo kila wiki. Ndugu wanamwambia, walimu wanamwambia, na yeye mwenyewe usiku anajiambia. Mekas hakushika mbili tu. Alishika tano au sita: mashairi, filamu, jarida, safu ya gazeti, ushirika wa wasambazaji na nyumba ya kuhifadhi filamu. Zingine zilimponyoka kweli, na nitazisema. Lakini ninachotaka kuchambua hapa ni jinsi kukosa muda, ambako kungemmaliza msanii mwingine, kulivyogeuka kuwa ndiyo sanaa yenyewe.

Alizaliwa tarehe 24 Desemba 1922 Semeniškiai, kijiji kidogo karibu na mji wa Biržai, kaskazini mwa Lithuania, katika familia ya wakulima. Mashairi aliyaanza mapema. Mwaka 1940 liliingia jeshi la Kisovieti, mwaka uliofuata likaja la Ujerumani. Mwaka 1944 yeye na mdogo wake Adolfas waliondoka nchini. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akichapa taarifa za siri dhidi ya Wajerumani, taipureta ikaibwa mahali alipoificha, akahofu kwamba ikipatikana itawafikisha kwake. Walikusudia kufika Vienna. Treni yao ikaelekezwa kwingine na wakajikuta Elmshorn, karibu na Hamburg, katika kambi ya kazi za kulazimishwa. Baada ya vita wakaishi katika kambi za wakimbizi, Wiesbaden na Kassel, huku Jonas akisoma falsafa Chuo Kikuu cha Mainz.

Ilikuwa Kassel, mwaka 1948, ambapo diwani yake ya kwanza ilitoka: Semeniškių idilės, yaani tenzi za maisha ya Semeniškiai. Mistari yake ni mirefu na mwendo wake ni wa polepole, kama mtu anayetembea nyuma ya jembe la kukokotwa. Mvua, matope ya barabarani, visima, kazi za shamba kwa kufuata majira ya mwaka. Mtu mwenye njaa, asiye na nchi, anakaa kambini katika nchi iliyobomoka na kuhesabu kimoja kimoja vitu vya kijiji asichojua kama atakiona tena. Kwao Lithuania diwani hii imehesabiwa miongoni mwa mashairi makubwa ya karne. Miaka mingi baadaye, tafsiri yake ya Kiingereza ilipochapishwa, aliyeiandikia dibaji ni Czesław Miłosz, mshairi wa Kipolandi mshindi wa Tuzo ya Nobel ambaye naye alizaliwa Lithuania.

Kwa hiyo alipoteremka melini New York mwishoni mwa Oktoba 1949, hakuwa kijana anayetafuta kipaji chake. Alikuwa mshairi aliyekwisha kukomaa, ila katika mji ambao karibu hakuna aliyeweza kumsoma. Shirika la wakimbizi lilikuwa limewapatia yeye na mdogo wake kazi katika duka la kuoka mikate huko Chicago. Wakautazama mji wa New York, wakaamua Chicago isubiri. Wakapanga Williamsburg, Brooklyn, wakafanya kazi viwandani, na baada ya majuma machache tu wakakopa fedha na kununua Bolex ya kwanza.

Hapo ndipo kisa kinapoanza hasa. Mtu anakopa fedha za kamera kabla hata hajapata kitanda cha maana! Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea kazi, si cha kuandikia shairi, na mashairi aliendelea kuyaandika kwa Kilithuania mpaka uzeeni. Mimi naiona kamera kama ulimi wa pili aliojitafutia ili aweze kusema na majirani. Picha ya mtoto anayekimbia kwenye theluji haihitaji tafsiri.

Nyumba ya wengine kwanza

Mwaka 1955 ndugu hawa wawili walitoa toleo la kwanza la jarida la Film Culture. Katika miezi ile ile ya mwanzo Mekas aliandika makala kali ya kuwashambulia watengenezaji wa filamu za majaribio wa Marekani, watu ambao baadaye angewatetea mpaka kukamatwa na polisi. Miaka ilipopita aliikana makala ile hadharani na kusema ilikuwa ya Mtakatifu Augustino kabla ya kuongoka. Nalitaja hili kwa heshima, maana wasanii wengi huficha waliyoyaandika wakiwa wanajifunza.

Kuanzia 1958 akawa na safu ya filamu katika gazeti la Village Voice, akaiandika kwa zaidi ya miaka 15. Mwaka 1960 watengenezaji wa filamu wa kujitegemea wa New York walikutana na kuunda kundi lao. Tamko lao lilisema hawataki filamu zenye rangi ya waridi, wanataka zenye rangi ya damu. Kutokana na kundi hilo ukazaliwa Film-Makers' Cooperative, ushirika wa kusambaza filamu. Chanzo kimojawapo kilikuwa kitendo cha Amos Vogel, mwenye Cinema 16, klabu mashuhuri ya kuonyesha filamu, cha kukataa filamu ya Stan Brakhage, mmoja wa watengenezaji wa filamu za majaribio. Mekas alimheshimu Vogel, na kwa miaka mingi alikuwa hakosi maonyesho yake. Lakini aliona hatari ya mlango kulindwa na mtu mmoja, hata awe mwema kiasi gani.

Kanuni ya ushirika ilikuwa nyepesi: hakuna filamu inayokataliwa. Unaleta nakala yako, unapanga mwenyewe bei ya kuikodisha, unaandika mwenyewe maelezo ya kwenye katalogi, na sehemu kubwa ya kodi inakurudia. Hakuna anayekupima kama unafaa. Kwa anayejua jinsi msambazaji anavyoweza kumnunua msanii haki zote kwa malipo ya mara moja, kisha kazi ikauzwa miaka na miaka bila mwenyewe kuona senti, kanuni hii si jambo dogo. Ofisi ilikuwa nyumbani kwa Mekas mwenyewe. Kopo za filamu zilijaa vyumba, wageni waliingia na kutoka usiku na mchana, naye alilala chini ya meza ya kuhariria.

Machi 1964 alikamatwa kwa kuonyesha filamu ya Jack Smith, Flaming Creatures, iliyodaiwa kuwa ya kuvunja maadili. Akakamatwa tena kwa ajili ya filamu ya Jean Genet. Alitiwa hatiani, adhabu ikasimamishwa. Mwaka huo huo ndiye aliyeshika kamera wakati msanii Andy Warhol akipiga ile filamu ya saa nane ya jengo la Empire State. Mwaka mmoja wa mtu mmoja!

Hebu tazama muda wake sasa. Jarida, safu ya kila wiki, ushirika, kesi, maonyesho ya usiku, barua za kuomba fedha. Filamu yake mwenyewe angeitengeneza saa ngapi?

Filamu iliyoshindikana na daftari lililofanikiwa

Alijaribu njia ya kawaida. Guns of the Trees, aliyoimaliza mwanzoni mwa miaka ya 60, ilikuwa filamu ndefu yenye waigizaji na mpango wa hadithi, na mashairi ya Mmarekani Allen Ginsberg yakisomwa na Ginsberg mwenyewe. Kwenye karatasi ilikuwa na kila kitu cha kumfaa mtu kama yeye: ushairi, hasira ya kisiasa, marafiki wenye vipaji. Ukiitazama unaona mshairi aliyevaa koti la mtu mwingine. Mashairi yamekaa juu ya picha, hayajaingia ndani yake. Kwangu hili ndilo funzo zito kuliko yote katika kisa hiki: kuweka shairi ndani ya filamu hakuifanyi filamu kuwa shairi.

Miaka michache baadaye The Brig ikampa jibu la nusu. Ulikuwa mchezo wa kuigiza wa kundi la Living Theatre kuhusu jela ya wanajeshi wa majini wa Marekani. Ukumbi ulikuwa umefungwa kwa sababu ya deni la kodi. Wakaingia kwa siri usiku, waigizaji wakacheza, Mekas akapita katikati yao na kamera kama mwandishi wa habari aliyenaswa humo ndani. Mwaka 1964 filamu hiyo ilipata tuzo ya filamu bora ya hali halisi Venice. Hapakuwa na maandalizi marefu. Palikuwa na mwili, kamera na usiku mmoja.

Jibu kamili lilikuwa tayari kabatini. Tangu 1949 alikuwa akipiga vipande vidogo, kama mtu anayeandika daftari la kila siku: rafiki kwenye dirisha, harusi, mti wa bustanini, kikombe cha kahawa, wakimbizi wenzake wa Kilithuania wakiimba kwenye pikiniki. Alidhani ni mazoezi tu ya kuweka mkono hai mpaka siku atakapopata muda wa kutengeneza filamu ya kweli. Baadaye akavitazama vyote kwa pamoja, akaona vinashikana. Siku ile ya kupata muda isingekuja. Alichokuwa nacho ni sekunde zilizobaki baada ya kuwahudumia wengine, na hizo sekunde zilikuwa tayari zina sauti moja.

Kutokana na utambuzi huo ikaja Walden, mwaka 1969, yenye urefu wa saa tatu, iliyotokana na picha alizopiga zaidi kati ya 1964 na 1968. Namna alivyopiga ndiyo inayostahili kukaliwa. Bolex inakuruhusu kupiga fremu moja moja. Mekas angesimama mbele ya ua, akabonyeza mara moja, akasogeza mkono, akabonyeza mara tatu, akahamia usoni kwa rafiki, akarudi kwenye ua. Sehemu kubwa ya uhariri ilifanyika pale pale, ndani ya kamera, wakati jambo linatokea. Kwenye skrini unaona ua likitetemeka, mwanga ukiruka, uso ukija na kwenda kabla hujauzoea. Katikati kuna maandishi ya taipureta, maneno machache ya kukwambia uko wapi. Juu yake inakuja sauti yake, nzito kwa lafudhi ya kwao, ikirudia kauli kama kibwagizo.

Sasa ufungue mashairi ya miaka hiyo hiyo. Mwaka 1967 alitoa diwani ya Kilithuania iitwayo Pavieniai žodžiai, maana yake maneno mojamoja. Ile mistari mirefu ya Kassel imeyeyuka. Ukurasa una neno moja, chini yake neno jingine, chini yake tena moja, na weupe mwingi pembeni. Mkono ule uliokuwa ukibonyeza fremu moja moja mchana ndio uliokuwa ukiweka neno moja moja usiku. Hapa ndipo ninapothubutu kusema hakushika mbili. Alishika kitu kimoja kwa mikono miwili, na kilipobadilika huku kilibadilika na kule. Sisi tuliolelewa kwenye mizani na vina tunajua kwamba kipimo hakimzuii mshairi, humlazimisha achague. Springi ya Bolex ilikuwa mizani yake.

Mwaka 1971 aliruhusiwa kurudi nyumbani, Lithuania ikiwa bado chini ya Usovieti, miaka 27 baada ya kuondoka. Filamu ya safari hiyo, Reminiscences of a Journey to Lithuania, ilitoka 1972. Bolex aliyosafiri nayo ilikuwa na hitilafu: haikuweza kushika mwendo mmoja, hivyo mwanga wa picha unapanda na kushuka bila yeye kutaka. Mtengenezaji mwingine angevitupa vile vipande. Yeye aliitambua hitilafu mapema na kuamua kufanya kazi nayo. Matokeo yake kijiji kinaonekana kama kinapumua. Sehemu ya katikati ni vipande vilivyopewa namba, kama beti. Mama yake, mzee sana, anapika nje juu ya moto wa kuni. Ndugu wanacheka. Hakuna anayehojiwa.

Jambo ambalo halimo katika picha

Ningekuwa nadanganya kama ningeishia hapo. Mwaka 2018, miezi michache kabla Mekas hajafariki, mwanahistoria Michael Casper alichapisha makala ndefu katika New York Review of Books kuhusu miaka ya vita. Alionyesha kwamba chini ya ukaliaji wa Wajerumani Mekas kijana alifanya kazi katika magazeti ya Biržai na Panevėžys yaliyokuwa pia yakichapisha propaganda dhidi ya Wayahudi. Maandishi yake yeye yalikuwa ya fasihi na utamaduni; Casper hakumtuhumu kuandika chuki. Alichouliza ni kuhusu ukimya. Mnamo Agosti 1941, Wayahudi wapatao 2,400 wa Biržai na vitongoji vyake waliuawa nje kidogo ya mji, na Walithuania wenyeji wakiwa miongoni mwa wauaji. Semeniškiai haiko mbali.

Mjadala uliofuata ulikuwa mchungu. Wapo waliomtetea kwa nguvu, wapo waliohisi wamepotezewa mtu. Msimamo wangu ni huu. Tenzi za kijiji zinabaki kuwa mashairi makubwa, na pia ni mashairi ambayo majirani fulani hawamo. Ninapoyasoma sasa naona visima na mashamba, na naona pengo. Msanii aliyejenga maisha yake yote juu ya kukumbuka, na aliyewafundisha wengine kwamba hakuna kipande kidogo kisichostahili kuhifadhiwa, anadaiwa swali hilo kwa uzito zaidi kuliko mtu mwingine. Deni hilo hakulilipa kikamilifu, na sidhani tunamkosea heshima kwa kulitaja.

Fedha

Filamu hizi hazikuwa za kujaza kumbi za biashara. Mkanda, kuusafisha, nakala, vyote viligharimu, na mara nyingi alisimamisha kazi yake ili kulipia ya wenzake. Mwaka 1970 ilifunguliwa Anthology Film Archives, yeye akiwa mmoja wa waasisi pamoja na P. Adams Sitney, Peter Kubelka, Stan Brakhage na Jerome Hill. Neno anthology kwa lugha yetu ni diwani, na jina hilo halikuwekwa kwa bahati: walitaka filamu zikusanywe na kusomwa tena na tena kama mashairi. Ukumbi wa kwanza, uliobuniwa na Kubelka, ulikuwa mweusi wote, na kila kiti kilikuwa na kizuizi pembeni ili usimwone jirani yako.

Hill ndiye aliyekuwa mfuko wa nyumba hiyo. Alirithi utajiri wa reli na mwenyewe alikuwa mtengenezaji wa filamu. Alifariki 1972. Ukumbi mweusi haukudumu baada yake, taasisi ikahama. Yeyote aliyewahi kuendesha kikundi cha sanaa kwa mfadhili mmoja anaijua baridi ya siku hiyo. Mekas hakufunga milango. Mwaka 1979 wakapata jengo la mahakama ya zamani kwenye Second Avenue, Manhattan, na likawachukua miaka tisa kulikarabati, kwa gharama iliyozidi dola milioni 1, mpaka lilipofunguliwa 1988. Katika kutafuta fedha hizo alikata fremu mbili tatu za filamu zake na kuzichapisha kama picha za kuuza. Hivyo zile sehemu za sekunde, ambazo zamani hazikuwa na mnunuzi, zikapata njia ya kununua paa. Jengo lipo mpaka leo na linaonyesha filamu.

Umri haukumpunguza kasi. Mwaka 2000, akiwa na miaka 77, alitoa filamu ya karibu saa tano iliyotokana na miongo mitatu ya maisha ya nyumbani kwake. Mwaka 2005 aliiwakilisha Lithuania kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice. Mwaka 2007, akiwa na miaka 84, aliweka filamu fupi mpya kwenye intaneti kila siku kwa mwaka mzima, filamu 365. Alikwisha kuhamia kwenye video, isiyo na springi, lakini mkono ulikuwa umeshajifunza kukata. Mwenyewe alikataa kuitwa mtengenezaji wa filamu. Alisema yeye hatengenezi, anapiga tu.

Alifariki New York tarehe 23 Januari 2019, akiwa na miaka 96.

Katika filamu ya ile safari ya 1971 kuna kipande ninachokirudia. Wako kisimani pale nyumbani. Maji yanavutwa, yanang'aa kwa ule mwanga unaopanda na kushuka wa kamera mbovu, na Mekas anayanywa kama mtu aliyekuwa na kiu kwa miaka 27. Ni kisima kile kile cha kijiji alichokuwa akikiandika kambini Kassel, kwa mistari mirefu, akiwa hana hata tone lake. Anainua uso. Kisha picha inakatika.